Sabuni Isiyotaka Povu

Mimi sikuzaliwa mpole. Nalisema mapema ili mtu asije akanilaumu mbele ya safari. Nilipofikisha miaka ishirini na mbili nilikuwa nimeshafukuzwa mara mbili, na mara zote mbili kosa lilikuwa mdomo. Shule ya msingi ya karibu na kwetu Bwera, nilikokuwa nafundisha, ilinitoa kwa sababu nilimwambia mwalimu mkuu, mbele ya darasa la nne, kwamba hesabu aliyoiandika ubaoni ni ya uongo. Ilikuwa ya uongo kweli, lakini hilo halikunisaidia. Baadaye nikaenda kusomea uuguzi. Nilidumu wiki kumi na moja, nikagombana na msimamizi juu ya namna ya kutandika kitanda, na kabla kitanda hakijatandikwa mimi nilikuwa juu ya lori la kurudi nyumbani.

Basi nilipoitwa Kasese kwa majaribio ya miezi mitatu katika maabara ya samaki, mama hakupiga vigelegele. Alikuwa anachambua maharage. Akasema bila kuinua kichwa, "Hii ni ya tatu. Ikikushinda, jembe lako liko nyuma ya mlango, na kahawa haijali mdomo wa mtu."

Miaka ya sitini ilikuwa inaelekea mwisho wakati huo. Maabara yenyewe ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, bati juu, saruji chini, kwenye njia ya kwenda stesheni. Tulikuwa watu watatu tu. Mkubwa alikuwa daktari, si daktari wa kutibu watu bali daktari wa kusoma, mtu wa Pwani, mzaliwa wa Tanga, mwenye miwani mizito na adabu nyingi kuliko nilizowahi kuziona kwa mtu mmoja. Wa pili alikuwa mzee mmoja Mkongo, mkimbizi wa kutoka Butembo, Mkatoliki wa rozari mfukoni, aliyekuwa amefanya kazi ya maabara hospitalini kwao kabla vita havijamfukuza. Yeye nilimwita Papa, kama Wakongo wanavyomwita mwanaume yeyote aliyekomaa. Wa tatu ni mimi.

Sharti daktari alinipa siku ya kwanza, kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba radhi. Miezi mitatu ikiisha, nimtolee kwa mikono yangu mwenyewe protini fulani kutoka kwenye mashavu ya samaki, itoke ikiwa hai, ifanye kazi mbele ya macho yake. Nikiweza, ataandika barua Kampala niajiriwe moja kwa moja na nipelekwe kozi. Nisipoweza, "tutaagana kwa wema, binti yangu." Nilimwelewa vizuri. Kwa wema au kwa ubaya, jembe lilikuwa palepale nyuma ya mlango.

Sasa hii protini. Daktari alikuwa na swali moja lililomtoa Tanga mpaka kwetu. Ngege, wale samaki ambao kwingine wanaitwa sato, wanaishi Ziwa George kwenye maji matamu. Je, chumvi ya mwilini mwao wanaipata wapi, na wanaizuiaje isiwatoke? Jibu lilikuwa kwenye mashavu, zile nyuzi nyekundu wanazopumulia. Ndani ya utando wa kila seli kuna protini inayovuta chumvi kutoka kwenye maji na kuiingiza ndani, usiku na mchana, bila mshahara. Alitaka kuitoa humo aiangalie peke yake. Na kuitoa ndiyo ilikuwa kazi.

"Utando ni mafuta, binti," alinieleza. "Na protini hii imekaa ndani ya mafuta kama bibi harusi chumbani. Ukija na maji, hatoki, maji na mafuta hayaongei. Ukija na sabuni kali, unabomoa nyumba na bibi harusi anafia humo humo. Lakini kuna sabuni mpole." Akanionyesha chupa iliyotoka Ulaya, ndani yake kitu kizito, cheupe cha kupitisha mwanga, kinachomiminika kwa uvivu. "Hii inaingia, inamzunguka kama wifi zake, inamfunika kanga, wanatoka naye nje. Yeye mwenyewe hata hajui ametoka."

Mimi nikasema, "Ndiyo, Afande."

Akacheka. "Mimi si afande, mwanangu."

Lazima nieleze hapa Kiswahili changu cha wakati ule, maana msiba wote ulitokea humo. Mama alizungumza Lukonzo tu. Kiswahili nilikipata kwa baba, na baba alikipata jeshini, enzi za Mwingereza, alikopelekwa mpaka Burma akarudi na blanketi na amri. Katika Kiswahili cha baba hakukuwa na tafadhali. Kulikuwa na lete, simama, maramoja, na kwisha. Alitulea watoto saba kwa Kiswahili hicho, na akatupenda kwa hicho hicho: "Kula! Ongeza! Wacha kulia, kuja hapa!" Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa taratibu. Viatu mlangoni vikae kwa taratibu. Majembe ukutani, taratibu. Watoto mkekani kuanzia mrefu hadi mfupi, taratibu! Akitoka nje asubuhi akikuta sufuria moja imetoka mstarini, neno hilo lilisikika mpaka ng'ambo ya Kongo.

Halafu nikakutana na mtu wa Tanga. Siku ya tatu aliniambia, "Binti yangu, ukipata nafasi, naomba unisogezee chupa ile." Nikamwachia chupa pale pale mpaka saa tisa, kwa sababu sikupata nafasi. Aliniangalia mchana kutwa akaona haya kurudia. Mimi nilidhani ni mgonjwa.

Wiki ya pili akanipa kazi yenyewe. Asubuhi na mapema Papa alikwenda ziwani, mara Kasenyi, mara Hamukungu, akarudi na ngege ndani ya debe la barafu. Tukakata mashavu, nikayasaga kwenye kinu cha kioo kilichokaa juu ya barafu, nikayazungusha kwenye mashine mpaka mashapo yakakaa chini. Mashapo hayo ndiyo utando. Hapo sabuni mpole inaingia, imepunguzwa makali kwa maji. Baada ya nusu saa unazungusha tena, na maji ya juu yaliyotakata ndiyo yenye bibi harusi. Kumjaribu ni rahisi. Unampa chakula chake kwenye kijichupa cha moto kiasi cha mwili, kisha unatia dawa ya rangi. Kama yu hai na amefanya kazi, maji yanageuka buluu. Kama amekufa, yanabaki meupe. Mashine ya kupimia rangi hatukuwa nayo. Tulikuwa na karatasi nyeupe na macho yetu.

"Tia sabuni," daktari akasema, "kisha koroga taratibu." Akaenda zake chumba cha pili.

Taratibu! Moyo wangu ulifurahi. Hatimaye neno ninalolijua. Nikasimama wima, visigino pamoja, nikashika kijiti cha kioo, nikaanza. Moja! Mbili! Moja! Mbili! Kulia, kushoto, kila pigo sawa na lenzake. Povu likapanda. Nalo povu, kwangu, lilikuwa habari njema, maana kwetu sabuni isiyotoa povu unairudisha dukani na kumtukana mwenye duka. Nikakoroga mpaka likafurika. Kisha, kwa kuwa taratibu ni taratibu, nikalichota povu lote kwa kijiko nikafuta chupa nje ikang'aa. Daktari aliporudi alikuta kila kitu safi, kimenyooka. Akanisifu.

Rangi ilitoka nyeupe.

"Si neno," akasema. "Mara nyingine taratibu zaidi."

Kama ni zaidi, nikaongeza zaidi. Nikaweka saa mbele yangu. Mapigo mia mbili kwa dakika mbili, hata moja lisipotee. Nyeupe. "Taratibu, binti, taratibu mno." Mapigo mia tatu. Nyeupe. Nikapanga vijichupa mezani kwa urefu, labda hilo ndilo lililokosekana. Nyeupe! Mara nane, jamani. Mara nane nimeua bibi harusi wa watu, na kila akifa yule bwana ananiambia kwa upole uleule kwamba nimuue tena, vizuri zaidi. Nikarudi chumbani kwangu nikalia kwa hasira. Nilifuata taratibu kuliko askari yeyote, na miezi miwili ilikuwa imekwisha.

Mara ya tisa lori la samaki liliharibika njiani, Papa akawa hana safari, tukatumia mashavu ya jana yaliyolala kwenye barafu. Alikuwa mlangoni akinoa visu. Mimi nikaanza gwaride langu. Kisu kikanyamaza.

"Mama," akasema. Wakongo wana heshima, hata msichana wanamwita mama. "Unahesabu nini?"

"Nakoroga taratibu. Daktari amesema."

"Taratibu ni nini?"

"Taratibu! Mstari. Sawasawa. Moja, mbili!"

Alinitazama, akatazama povu, akatazama ukuta ambao nyuma yake daktari alikuwa anaandika. Kisha akakaa juu ya kreti, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika rozari. "Yesu Maria! Mutoto huyu! Ya yule mutu wa Pwani, taratibu iko polepole! Iko malembe malembe! Anakuambia ushike kitu sawa yai, wewe unaipeleka vita!"

Niliingia kwa daktari bila kubisha hodi. "Kwa nini hukusema polepole?"

Alisimama, maskini, kama aliyekosa yeye. "Nilisema taratibu."

"Taratibu ni mstari!"

"Taratibu ni... ni kwa utulivu, binti. Kwa ulaini." Akavua miwani. "Polepole niliona ni kama kukukaripia. Umekuja hapa umejaa ari, nikasema nikuambie kwa neno zuri."

Sikujua nicheke au nimrushie kitu. Nikamweleza habari za baba, sufuria na Burma. Nikamweleza habari za povu, na kijiko. Aliposikia kijiko alifumba macho. "Povu," akasema, "ndilo linaloiua. Kila kipovu kina ngozi, na protini ikinaswa kwenye ngozi hiyo inafunuka kama nguo iliyotatuka. Laiti ningeliona." Kisha naye akacheka, na Papa kule alikuwa hajaacha, nami mwishowe nikacheka. Lakini moyoni niliumia. Wiki tatu zilikuwa zimebaki, na kitu nilichotakiwa kuwa nacho ndicho ambacho Mungu hakunipa.

Niwaambie ukweli, ule upole ulinitesa kuliko gwaride. Sabuni iingie tone, usubiri, tone, usubiri. Huikorogi. Unashika chupa kati ya viganja, ndani ya barafu, unaiviringisha huku na huku mpaka vidole vinakufa ganzi, na hakuna kinachoonekana kikitokea. Mimi ni mtu wa kuona kitu kinatokea! Nilijiuma ulimi. Nilizidisha tone moja kwa pupa, nikaharibu. Siku nyingine nilipiga chafya, nikaharibu. Papa alinifanyisha mazoezi kwa maji matupu, saa nzima, akinikataza kusema neno. "Mudomo ikifunga, mukono inasikia," alisema. Nilimchukia kwa siku mbili hivi. Ya tatu niligundua kwamba nimemaliza chupa nzima bila kipovu hata kimoja na sijui akili yangu ilikuwa wapi.

Ikafika wiki ya mwisho. Miezi mitatu ilikuwa inaisha siku ya Jumatatu. Ijumaa Papa aliomba ruhusa, akaenda Mpondwe mpakani kumpokea dada yake aliyekuwa anavuka kutoka Beni. Kazi ya kuosha vijichupa ilikuwa yake. Kila mara aliviloweka kwenye asidi, akavisuuza kwa maji ya mvuke mara saba, na wala hakuruhusu mtu aviguse. Safari hii niliviosha mimi. Nikaviona vimefubaa. Nikasema, kesho daktari atainua kijichupa changu dirishani, nacho kina mawingu? Haiwezekani. Nikaenda dukani nikanunua sabuni ya unga, ile ya kisasa ya kufulia mashati, nikaviosha kwayo mpaka vikang'aa kama meno ya bibi harusi.

Jumamosi asubuhi nilifanya kila kitu kwa ulaini. Tone, subira, tone, subira. Nikazungusha, nikampa chakula, nikatia dawa ya rangi.

Buluu! Wala si ya kubahatisha, buluu ya wino! Nilipiga yowe lililotoa watu stesheni. Daktari alikuja mbio na kalamu mkononi, akainua kijichupa dirishani, akasema "Mashallah, mashallah," mara tano. Akakaa papo hapo akaandika barua ya Kampala, kwa mwandiko wake mzuri wa madrasa, akaitia kwenye bahasha, akavaa kofia. Treni ya Jumamosi ilikuwa inaondoka mchana. Alitaka aipeleke mwenyewe. Alivyotoka mlangoni mimi nilikuwa nacheza katikati ya chumba, peke yangu, na koti la maabara nimelifunga kiunoni.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kulikuwa na kijichupa kimoja ambacho sikukifanya, kwa haraka. Kila mara hutakiwa kuwe na kimoja cha maji matupu, bila protini, kipewe chakula kilekile na dawa ileile, kibaki cheupe, ndipo ujue buluu ya kile kingine ni ya kweli. Sasa ndipo nilipokifanya, na naapa haikuwa kwa uaminifu. Nilikifanya kwa majivuno. Nilitaka kuviweka viwili dirishani, changu cha buluu na cha maji cheupe, ili Papa akirudi avione vimesimama pamoja.

Cha maji kikawa buluu.

Nikasema nimekosea. Nikafanya kingine. Buluu. Buluu ya wino, pacha wa changu. Nikakaa chini. Ilinichukua kitambo kuelewa, halafu nikaelewa mara moja, mwili mzima. Dawa ile ya rangi inageuka buluu ikikutana na fosfati, ambayo protini huiachilia inapofanya kazi. Na ile sabuni ya unga imejaa fosfati, ndiyo maana mashati yanang'aa. Sikuwa nimemtoa bibi harusi yeyote. Nilikuwa nimefua vyombo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa wengi hujifanya malaika. Mimi nilikaa pale nikafikiri kumwaga. Hakuna aliyeona. Barua imeandikwa. Nikifika kozini nitajifunza, nitakuwa mpole, nitamtoa bibi harusi wa kweli mara mia, na hili litakuwa si kitu. Niliinuka, nikashika vile viwili vya maji, nikaenda mpaka kwenye sinki. Nikavishika hapo. Halafu nikamkumbuka yule mwalimu mkuu na hesabu yake ya uongo ubaoni, na jinsi nilivyomfokea mbele ya watoto, na nikajionea aibu hata nikasema kwa sauti, "Ebo! Na wewe je?"

Nilikimbia. Koti kiunoni, vijichupa mkononi, jua la saa sita, vumbi, watu wananiuliza nani amekufa. Treni ilikuwa inapuliza filimbi. Nilijua nimechelewa. Lakini salamu za Pwani ni ndefu. Daktari alikuwa bado amesimama na mkuu wa stesheni, wamemaliza habari za nyumbani, wamefika kwenye habari za mvua, na bahasha iko mkononi mwake.

"Daktari," nikasema, na pumzi sina, "usiipeleke. Cha maji nacho ni buluu. Nimeosha kwa sabuni ya unga."

Alichukua vijichupa vyote viwili, akaviinua juani. Treni ikaondoka. Nilitamani anitukane, kwa sababu kutukanwa nimezoea. Mwishowe akasema, "Haraka hii, dada." Hakusema binti. Ndipo nilipojua kwamba amekasirika. Akaifungua bahasha kwa uangalifu, asiichane, akatoa barua akaikunja akaitia mfukoni. "Jumatatu ni siku yako bado," akasema. Akarudi zake polepole, mimi nyuma yake.

Jumapili baada ya misa Papa alikuja na shati lake la kanisani, akakunja mikono. Nilimwambia yote. Hakucheka safari hii. "Kufanya kazi siku ya Mungu iko zambi," akasema, "lakini uchafu yako iko zambi mukubwa zaidi." Tukavitia vijichupa vyote kwenye asidi, na jioni tukavisuuza mara saba, yeye akihesabu, mimi nikiwa kimya.

Jumatatu samaki hawakuja na lori. Aliwaleta mama mmoja wa Hamukungu ambaye hatukuwahi kumwona, kwa miguu na kwa kudandia, kikapu kichwani. Alishusha ngege akasema haondoki bila kikapu chake kuoshwa, maana ana safari ya sokoni. Akakaa kwenye kizingiti akatungoja. Mimi nikaanza.

Sitasimulia tena hatua kwa hatua. Nitasema tu kwamba sikuwa na ari, sikuwa na majivuno, nilikuwa na woga, na woga ule ulinituliza mikono. Hapakuwa na povu. Nilipomaliza nilifanya kijichupa cha maji kwanza, nikakiweka upande wa kulia, na changu upande wa kushoto, mbele ya karatasi nyeupe. Nikatia dawa ya rangi. Tukangoja.

Hapakuwa na wino. Cha maji kilibaki cheupe. Changu kilikuwa... sijui. Kilikuwa na kitu, au hakikuwa nacho.

Daktari aliinama mpaka pua ikagusa karatasi. Akavua miwani, akaifuta, akavaa. Akasogeza karatasi dirishani. "Macho yangu," akasema mwishowe, "hayanipi uhakika."

Papa naye akatazama kwa muda mrefu. "Mimi naona kidogo," akasema. Akakuna shavu. "Lakini mimi niko rafiki yake."

Daktari akanigeukia. Alikuwa ameweka barua mezani, ileile ya Jumamosi, imekunjwa. "Na wewe unaona nini?"

Nilitazama. Mungu ni shahidi, niliiona. Buluu nyepesi, kama maji ya kusuuzia kalamu. Niliiona wazi kabisa, na kwa sababu niliiona wazi mno nikaogopa.

"Naona buluu," nikasema. "Lakini mimi ndiye ninayetaka kuiona. Muulize mtu mwingine."

Hapakuwa na mtu mwingine. Tulitazamana. Kisha daktari akaenda mlangoni, na kwa adabu zake zote akamwomba yule mama wa Hamukungu, kama hatajali, aingie kidogo. Akavibadilisha vile viwili nyuma ya mgongo wake, mara mbili, ili hata mimi nisijue kipi ni kipi, akaviweka mbele ya karatasi. Ila nyuma ya changu alikuwa amekwaruza alama, ambayo yeye peke yake angeiona. "Mama, hivi viwili ni sawa?"

Yule mama hakuinama. Alivitazama kwa mbali, kama anayechagua samaki sokoni, mkono kiunoni.

"Sawa namna gani?" akasema. Akanyoosha kidole. "Hii ni maji. Hii iko na buluu. Kwani nyinyi hamuoni?"

Daktari alikigeuza kijichupa cha buluu, akatazama alama. Akakaa. Akakunjua barua, akafuta tarehe ya Jumamosi kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika ya Jumatatu.

Mimi nilikuwa nimeficha uso kwenye mikono yangu, na mabega yanatikisika.

"Na huyu," yule mama akamuuliza Papa, "analilia nini? Kikapu changu mumeosha?"